Kaunta buku ya mabinti: jinsi ninavyowafuatilia kutoka Ujiji hadi chuo kikuu

Kila Julai matokeo ya kidato cha sita yakitoka, simu yangu haitulii. Shikamoo Mwalimu, mtoto kafaulu, daraja la kwanza, anaenda chuo. Nafurahi nao. Ila Novemba, vyuo vikishafunguliwa, hakuna anayenipigia kusema mtoto hakwenda. Huyo ndiye ninayemtafuta, na nilipoona simu haitaniletea habari zake nikanunua kaunta buku ya kuandika kila binti ameishia hatua gani.

Nimestaafu ualimu, nakaa Ujiji. Ukitaka kufanya kazi hii kwenu, anza na shule moja, kidato cha nne cha mwaka mmoja. Mkoa wa Kigoma una halmashauri nane. Ukiuvamia wote utakuwa hoi Kasulu, Kakonko hujaiona.

Fungua ukurasa wa shule kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani. Kuna jedwali dogo la madaraja, F ni wasichana, M ni wavulana, kisha kila mtahiniwa na namba, jinsi, pointi na daraja lake. Nakili wote, wavulana pia. Wengi huandika wasichana tu, halafu wakiulizwa "ukilinganisha na nani?" wanabaki kukohoa. Majina utapewa na wazazi na walimu, nayo yasitoke nje ya daftari. Nje peleka hesabu tu.

TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, ikitoa uchaguzi wa kidato cha tano, usiandike "amechaguliwa" ukafunika. Andika kombi, yaani yale masomo matatu aliyopangiwa. Uhandisi unaanzia hapa: aliyepelekwa HKL (historia, Kiswahili na Kiingereza), hata akirudi na daraja la kwanza, mlango ule ulishafungwa miaka miwili nyuma. Kwa hiyo ukikuta darasa la uhandisi lina wasichana wa kuhesabu kwa vidole, usikimbilie kukilaumu chuo. Rudi kwenye ukurasa wa kidato cha nne, tazama nani alifaulu fizikia na hisabati kisha akaambiwa "chukua HGL mwanangu, ni nyepesi", yaani historia, jiografia na Kiingereza. Maneno hayo nimewahi kuyasema mimi mwenyewe, na aliyeambiwa bado namkumbuka. Waliokwenda vyuo vya kati wabaki daftarini. Stashahada nayo humfikisha mtu chuo kikuu.

Kwenye udahili kuna mtego. Mwaka wa kwanza niliandika wasichana watatu wamepata chuo, kumbe ni mmoja. Alikuwa ameomba vyuo vitatu na vyote vikamchagua. Mama yake akanitajia kimoja, shangazi cha pili, rafiki yake cha tatu. Mwombaji aliyechaguliwa zaidi ya mara moja, utaratibu wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, unamtaka athibitishe chuo kimoja kwa namba ya siri anayotumiwa. Basi safu yako iwe ya waliothibitisha, na inayofuata iwe ya walioripoti. Hizo ni safu mbili, usizichanganye.

Katikati yake kuna mkopo, na hapo ndipo wino wangu mwekundu ulipoishia. Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo), mdhamini, sahihi ya serikali ya mtaa, muhuri wa wakili au hakimu. Siku moja nilikaa barazani na binti mmoja na baba yake, mvuvi wa dagaa, fomu zimetandazwa mkekani. Cheti kina jina la babu, shuleni aliandikishwa kwa jina la baba. Yule mzee akakuna kidevu: "Mwalimu, huyu asubiri mwakani. Cha kaka yake hakina shida." Sikuandika "hana ada". Niliandika "jina la cheti, Agosti". Sababu iandikwe ilivyo. "Umaskini" hakuna mtendaji wa kata atakayeutatua, lakini jina kwenye cheti linaweza kunyooshwa binti akiwa kidato cha tatu.

Aliyejifungua usimkate. Zamani nilikuwa nachora mstari juu ya jina lake, basi. Tangu waraka wa 2021 unaoruhusu wanafunzi hao kurudi shuleni, nimeongeza safu ya "amerudi", na mistari yao naiacha wazi.

Hesabu yenyewe ni kugawanya. Tuseme wameripoti wasichana 18 na wavulana 24: 18 kwa 24 ni 0.75. Usawa ni 1. UNESCO huukubali kati ya 0.97 na 1.03. Ila kabla hujampelekea diwani hiyo 0.75, gawanya vilevile waliofanya mtihani wa kidato cha nne. Kama walikuwa 60 kwa 60, uwiano umeporomoka njiani, tafuta safu ulipoangukia. Kama walikuwa 45 kwa 60, ilikuwa 0.75 tangu mwanzo, na wa kuulizwa wako huku chini, si Bodi ya Mikopo.

Pima kila sheria mpya kwa namna hiyo. Wazee mnakumbuka Azimio la Musoma, 1974: kidato cha sita akafanye kazi kwanza ndipo aende chuo kikuu. Liliwahusu wote, wanaume kwa wanawake, lakini idadi ya wanawake chuoni ikashuka, hadi wakaruhusiwa kuingia moja kwa moja.

Wakishaingia, uliza wanafundishwa na nani. Chukua orodha ya walimu wa chuo, igawe kwa vyeo: mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Jumla ya wanawake usiijali sana. Angalia wamekaa ngazi gani. Seneti na serikali ya wanafunzi vivyo hivyo.

Na utumie penseli. Yule wa cheti nilimwandika kwa penseli, na jina liliponyooshwa akaomba upya, akapata mkopo, akapanda treni. Safu ya "ameripoti" ina alama yake sasa. Ya "mwaka wa pili" iko tupu. Matokeo ya mwaka yakitoka nitampigia.