Uwele wa ugali usagwe bila kukobolewa
Anayenunua uwele au mtama katika Soko la Majengo jijini Dodoma hana haja ya kuukoboa kabla ya kuusaga, kwa kuwa sehemu kubwa ya nyuzinyuzi imo katika ganda la nje, lile lile ambalo wengi wetu huishia kuwapa kuku kama pumba. Nyuzinyuzi zisizoyeyuka huongeza ujazo wa choo na kukirahisishia njia, ilhali zile zinazoyeyuka hufanya ute unaochelewesha sukari kuingia katika damu na kusaidia kupunguza lehemu (kolesteroli) katika damu. Mlenda, mboga inayopendwa sana na Wagogo, una ute wa namna hiyo, na kwa maoni yangu ugali wa uwele hauna mwenzi bora zaidi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa hutoa takribani nusu yake. Asiyezoea aanze kwa kuchanganya unga huo na sembe, akiongeza kidogo kidogo, na anywe maji ya kutosha, maana nyuzinyuzi nyingi za ghafla hujaza tumbo gesi, na zikikosa maji huweza kufunga choo badala ya kukilainisha.