Kabla ya Kuwapeleka Wanafunzi Kusikiliza Maelezo ya Olduvai

Mwalimu anayepanga kuwapeleka wanafunzi Korongo la Olduvai, wakasikilize maelezo ya sayansi na historia yanayotolewa pale ukingoni, aanze na vibali. Olduvai imo ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, yenye mamlaka yake, kwa hiyo kibali cha Hifadhi ya Taifa ya Serengeti hakitumiki hapo. Barua ya shule ipelekwe mapema, si asubuhi ya safari mkiwa mmeshafika langoni Lodoare.

Masweta ni ya ukingo wa kreta ya Ngorongoro mtakakopitia, ambako asubuhi kuna baridi na ukungu. Kofia na maji ni vya Olduvai yenyewe, ambako saa sita mchana jua ni kali na vumbi halina staha. Dawa za wenye pumu azishike mwalimu.

Kubwa kuliko yote ni kuwaambia wanafunzi, kabla hawajapanda basi, vitu ambavyo hawatavikuta. Hili nilijifunza kwa aibu. Mara ya kwanza niliposimamia safari hii niliwaahidi wanafunzi wa kidato cha kwanza kwamba wangeliona fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lile ambalo mwanaakiolojia Mary Leakey aliligundua tarehe 17 Julai 1959 wakati mumewe, Louis, amelala kambini anaumwa, na kwamba wangezitazama nyayo za Laetoli, alama za miguu za viumbe wa kale wa jamii hiyohiyo, kwa macho yao. Mtoa maelezo alikuwa hodari. Alituonyesha jinsi tabaka za ardhi zilivyopandana katika kuta za korongo, akaeleza namna majivu ya volkano yanavyowawezesha wataalamu kukadiria umri wa mifupa iliyozikwa humo, na jinsi fuvu lile lilivyopatikana kuwa na miaka ipatayo milioni 1.75. Ndipo mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono kuuliza kama fuvu lililomo katika makumbusho ndilo lenyewe. Akajibiwa kwamba ni nakala, kwani halisi limehifadhiwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Na nyayo je? Ziko Laetoli, kilomita 45 hivi kutoka hapo, nazo zimefukiwa kwa makusudi. Macho yote yakanigeukia mimi.

Kuanzia hapo wakawa wananong'ona tu, na sehemu iliyokuwa tamu kuliko zote ikapita bila msikilizaji. Nyayo hizo, zenye umri wa miaka ipatayo milioni 3.6, zilifukuliwa mwaka 1978 na 1979, kisha zikafunikwa. Mbegu za migunga zilizokuwamo katika udongo wa kufukia zikaota, mizizi ikaanza kupenya kuelekea kwenye nyayo, na katikati ya miaka ya 1990 wataalamu wakalazimika kufukua tena, kuiondoa mizizi na kuzifunika upya kwa uangalifu zaidi. Kwangu mimi, mwanafunzi aliyeelewa kwa nini kitu cha thamani kinarudishwa ardhini amepata zaidi ya aliyelikodolea macho fuvu. Siku hizi, siku moja kabla ya safari, naandika ubaoni kipi kipo, kipi ni nakala na kipi kiko kwingine, kisha kila mwanafunzi anaandaa swali lake moja.

Dereva naye aelezwe ratiba, kwa sababu Olduvai iko nje ya barabara kuu, na anayeharakia Serengeti atapiga honi maelezo yakiwa katikati. Mkitaka kushuka hadi mahali fuvu lilipopatikana, ulizeni mapema kuhusu ruhusa na mwongozaji. Hakuna anayeokota jiwe wala mfupa, hata ukiwa mdogo kama ukucha. Wanafunzi wasisogelee ukingo kwa ajili ya kupiga picha, wahesabiwe kabla ya kupanda basi, na wahesabiwe tena wakiwa wameketi.