Kidole kipi kipige uzi upi: kupanga vidole vya mkono wa kulia kwenye gitaa

Jumamosi nilikaa kwa muda wa saa tatu na kijana wa kwaya huku Tabata. Mkono wa kushoto anashika vizuri kabisa, ila kila akifika kwenye melodi anakwama palepale. Mazoezi anafanya. Vidole vya kulia ndivyo vilikuwa havijapangwa. Naandika tulivyofanya, kwa wanaotumia mkono wa kulia kukwanyua.

1. Majina

Kwenye nota utakuta p, i, m, a. Ni herufi za Kihispania: gumba, shahada, cha kati, cha pete. Zoea hizohizo, ukijitungia zako, P ya pete itagongana na p ya gumba siku utakapofungua kitabu. Nyuzi nazihesabu kuanzia ule mwembamba kabisa, ndio wa 1. "Uzi wa juu" nimeacha kusema, maana mmoja anaelewa sauti ya juu, mwingine anatazama ule ulio karibu na uso wake.

2. Makazi

Gumba linamiliki uzi wa 6, wa 5 na wa 4. i anakaa wa 3, m wa 2, a wa 1. Shika C (noti za C zinazolia pamoja, mkono wa kushoto ukibana nyuzi), piga p kwenye uzi wa 5, kisha i, m, a. Rudia hadi mkono utulie.

Vidole vinne si sheria. Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa Katanga huko Kongo, aliyerekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mwaka 1952, alipiga kwa gumba na shahada tu, na ukimsikiliza utadhani wako wawili. Kwa anayeanza, hata hivyo, napendelea vinne.

3. Gumba likihama

Kwenye C besi (noti nene za gumba) inapishana kati ya uzi wa 5 na wa 4, hakuna shida. Kwenye D wengi hupishanisha wa 4 na wa 3, na hapo gumba limeingia nyumbani kwa i. Basi sogeza: i aende wa 2, m wa 1, a apumzike.

4. Melodi

Hapa ndipo nilipopoteza karibu mwezi mzima nikiongeza mwendo wa metronomu (kifaa cha kuhesabia mapigo), wakati kosa lilikuwa la mpangilio.

Kanuni ya kwanza inajulikana: pishanisha i na m, usirudie kidole kimoja mfululizo, kwa sababu kwenye kasi hakiwahi kurudi. Sasa tatizo. Mkono ukiwa umekaa kawaida, i yuko upande wa nyuzi nene na m upande wa nyembamba. Ukimaliza uzi wa 3 kwa m halafu i avuke kwenda wa 2, vidole vinapishana kama mkasi na kiganja kinajipinda. Ndipo yule kijana alipokuwa anakwama.

Kwa hiyo usianze kupanga kutoka noti ya kwanza. Tafuta mahali unapovuka uzi, panga hapo, kisha rudi nyuma. Ukielekea uzi mwembamba, maliza na i, uvuke na m. Ukielekea uzi mnene, maliza na m, uvuke na i.

Mfano: noti mbili uzi wa 3, mbili wa 2, mbili wa 1. Anza na m: m-i, m-i, m-i. Kurudi kutoka wa 1, anza na i: i-m, i-m, i-m. Zikiwa tatu kwenye uzi wa 3 kabla ya kuvuka kwenda wa 2, unaanza na i: i-m-i, kisha m.

Kuna mahali haitakubali. Uzi wa 2 ukiwa na noti moja tu katikati ya safari ya kwenda wa 1, umefika na m na i hana njia. Mwite a: i wa 3, m wa 2, a wa 1. Na ukishuka kutoka wa 1 kwenda wa 2 polepole, kidole kilekile kinaweza kuteleza hadi uzi unaofuata. Hapo narudia kidole bila wasiwasi, lakini kwa kushuka tu.

5. Andika

Penseli, si kalamu ya wino. Andika herufi kwenye mivuko peke yake. Ukijaza kila noti hutasoma kitu. Kijana alifuta mara nne ndipo mstari wake ukapita.