Kuongoza mita 1500 bila kuwavuta wenzako hadi utepe

Mkimbiaji ameongoza tangu mlio wa kwanza, kengele ya mzunguko wa mwisho imelia bado yuko mbele, halafu kona ya mwisho anapitwa na watu wanne. Pembeni ya uwanja utasikia tu: "Pumzi imekata." Imekata kweli, ila tujiulize nani aliyeimaliza. Kwa mita 1100 amewapasulia upepo watu ambao hawajamlipa hata senti, na nauli yao yote imekatwa kwenye miguu yake.

Mwongozo huu ni wa mkimbiaji wa shule au klabu wa huku Mtwara na Lindi anayependa kukaa mbele, pamoja na mwalimu anayemsimamia. Kukaa mbele kunashinda mbio, mradi ujue umekwenda pale kufanya kazi gani.

Anayeongoza ana mizigo miwili ambayo wa nyuma hana. Wa kwanza ni upepo, na tutaurudia kwa kirefu kwa sababu pwani hii upepo ni mshindani kamili. Wa pili ni kichwa: yeye ndiye anayeamua mwendo, na haoni kinachopikwa mgongoni kwake. Aliye nyuma hana la kuamua. Anatazama mabega yako. Yakianza kupanda kuelekea masikioni na mikono ikaanza kukatisha kifua badala ya kwenda mbele na nyuma, anajua umeiva.

Filbert Bayi wa Tanzania ametuachia mfano wa pande zote mbili. Christchurch, mwaka 1974, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, aliongoza mita 1500 mwanzo hadi mwisho na kuweka rekodi ya dunia ya 3:32.16. John Walker wa New Zealand alikuwa anamla kisogo kwa 3:32.52, lakini alikuwa amemwachia gepu kubwa mno mapema, na mita zikamwishia kabla hajamfikia. Olimpiki ya Moscow, mwaka 1980, mbio za mita 3000 kuruka viunzi na maji, Bayi alichomoka vilevile. Safari hii Bronisław Malinowski wa Poland alilila gepu kidogo kidogo, akampita kwenye mzunguko wa mwisho na kushinda kwa 8:09.7. Bayi akapata fedha kwa 8:12.5. Mtu yuleyule, mtindo uleule. Gepu ni akiba tu, na akiba huliwa.

Kwanza, uwanja na upepo

Nenda uwanjani siku moja kabla, saa ileile ya mbio yako. Iwe Nangwanda Sijaona, Ilulu au kiwanja cha shule kilichochorwa kwa chokaa, fanya mambo matatu. Tembea njia ya ndani mzunguko mzima ukitafuta mashimo, mchanga uliolegea na sehemu zinazoteleza. Zikumbuke kwa alama, kwa mfano "mbele ya goli la upande wa barabara". Uliza urefu wa mzunguko. Viwanja vingi vya shule havifiki mita 400, na hesabu yako ya sekunde kwa mzunguko itakudanganya kama hujapima. Kama mwalimu ana futi kamba, njia ya kwanza isiyo na ukingo hupimwa sentimita 20 kutoka kwenye mstari wa ndani, sio juu ya mstari wenyewe.

Jambo la tatu ni kurusha vumbi au majani makavu hewani, kila upande wa uwanja. Msimu wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, katikati ya mwaka, huku ni upepo wa kusi tu. Ukisimama umeelekea Kibla, kusi inakupiga mgongoni upande wa kulia. Kutoka hapo utajua upande upi ulionyooka utaukimbia kwa kuukabili upepo, na upi utasukumwa. Usidhani mambo yatalingana: kinachopotea ukiwa unaukabili hakirudi chote ukiwa umeupa mgongo.

Sasa panga. Kama upepo unakukabili upande wa nyuma wa uwanja na kukusukuma unapokuja kwenye utepe, kaa nyuma ya mtu upande ule wa nyuma, hata kama unajiona mwepesi, kisha ongoza ukiwa na upepo mgongoni. Ikiwa ni kinyume chake, yaani mita 100 za mwisho zinaingia kwenye kusi, anayeongoza yuko hatarini zaidi, maana wa nyuma anajificha mpaka zimebaki mita 50 ndipo anatoka. Siku kama hiyo gepu lako lazima liwe limekamilika kabla ya mita 150 za mwisho. La sivyo, usiongoze kabisa.

Njia tatu za kuongoza

Ya kwanza ni kuvuta kwa kasi mwanzo hadi mwisho. Hii ni ya mtu ambaye muda wake bora unawazidi wote kwa sekunde tatu au nne, na ambaye hana spidi ya mita 200 za mwisho. Kwa wengine wote ni mtego. Jakob Ingebrigtsen wa Norway alishinda Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 akiwa amekaa mgongoni kwa Timothy Cheruiyot na kumpita mwishoni. Baadaye yeye mwenyewe akageuka mvutaji. Mashindano ya Dunia ya Eugene mwaka 2022 Jake Wightman akampita. Yale ya Budapest mwaka 2023 Josh Kerr akampita. Olimpiki ya Paris mwaka 2024 alipita mita 400 za kwanza chini ya sekunde 55, akaendelea kuvuta, na upande wa mwisho wakampita watatu: Cole Hocker alishinda kwa 3:27.65, naye akawa wa nne. Mwendo mkali usiobadilika ni basi zuri kwa abiria. Wanajua litafika saa ngapi na washukie wapi.

Ya pili ni kushika mbele na kuulaza mwendo. Rio, mwaka 2016, Matthew Centrowitz wa Marekani alishinda mita 1500 kwa 3:50.00, muda wa polepole sana kwa fainali ya Olimpiki. Alikaa mbele, kwenye mstari wa ndani, akawalaza wote, kisha akamaliza mzunguko wa mwisho kwa sekunde 50 na ushei. Faida yake iko kwenye kona. Anayekupita kwenye kona lazima atoke nje, na kila mita moja anayotoka nje kwa kona nzima inamwongezea mita 3.14. Kwa kasi ya sekunde 15 kwa mita 100, hiyo ni karibu nusu sekunde. Njia hii inataka spidi ya mwisho. Kama huna, unawafanyia kazi wenye nayo.

Ya tatu, na ndiyo tunayoipendelea kwa mkimbiaji wa kawaida, ni kuuvunja mwendo. Unaongoza lakini abiria hawapati usingizi. Kama mwendo wako ni sekunde 17 kwa mita 100, piga mita 80 hadi 100 kwa mwendo wa 15.5, kisha rudi kwenye 17.5. Usirudi kwenye 19, maana wote watakurudia wakiwa wamepumzika. Fanya hivyo mara moja au mbili tu, wewe nawe unaumia. Anza unapotoka kwenye kona kuingia upande wenye upepo mgongoni. Wa nyuma huchelewa hatua tatu au nne kuitika, na kulifukia gepu hilo kunamgharimu kuliko ilivyokugharimu wewe kulifungua, kwa sababu analifukia kwa pupa.

Mkiwa wawili wa shule moja, kuna njia ya wakubwa. Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 Ben Jipcho wa Kenya alivuta mzunguko wa kwanza kwa kama sekunde 56, kwenye mwinuko ambao hewa ni nyepesi, ili mwenzake Kipchoge Keino achomoke mapema mbele ya Jim Ryun aliyekuwa na spidi kali ya mwisho. Keino alishinda kwa 3:34.91, Ryun akiwa mbali nyuma. Jipcho alimaliza wa kumi. Mkubaliane kabla nani ni Jipcho, msije mkagombana kwenye kengele.

Hesabu za mkononi

Mita 1500 huanzia mwanzo wa upande wa nyuma: mita 300, halafu mizunguko mitatu. Kwa hiyo utapita kwenye utepe mara tatu kabla ya kumaliza. Mtu wa 4:15 kwa mwendo sawa anapita hivi: mita 300 kwa sekunde 51, mita 700 kwa 1:59, mita 1100 (kengele) kwa 3:07. Mwalimu asimame mita 10 baada ya mstari na kutaja namba tu, bila "jitahidi, jitahidi". Ukisikia 47 kwenye mita 300, umekwishakopa sekunde nne. Usizirudishe kwa kufunga breki; legeza taratibu kwa mzunguko mzima unaofuata, tena mtu akitaka kukupita hapo mwache apite. Umepata dereva.

Watakapokuvamia

Mashambulizi huja sehemu tatu: mara baada ya kengele zikiwa zimebaki mita 350 hadi 300, kabla tu ya kona ya mwisho kwenye mita 200, na mnapotoka kwenye kona hiyo zikibaki 100. Hatari zaidi ni ya katikati, maana anayekuwahi kwenye mita 200 anaichukua njia ya ndani na wewe ndiye unayezunguka nje. Dawa ni kuongeza wewe kwanza, kwenye mita 250, kabla hajatoka mgongoni kwako. Mwongezee kiasi tu cha kumlazimisha akupite kwenye kona au asubiri. Mbio kamili ziweke kwa mita 120.

Ukiwa unatoka kwenye kona, ng'ang'ania mstari. Wakimbiaji waliochoka husukumwa nje na kona kwa mita moja bila kujua, na hapo wanafungua mlango wa ndani. Aliye nyuma hapiti nje tena, anateleza humo kama paka.

Usigeuke kutazama. Kugeuza shingo kunakuvunja hatua na kumwambia wa nyuma kwamba una wasiwasi. Sikiliza: miguu ya mtu mmoja ina mdundo, ya watatu inachanganyika. Na tumia jua. Mwezi Juni, saa kumi jioni, jua la huku liko upande wa kaskazini-magharibi na kivuli cha mtu ni kama mara mbili ya urefu wake. Ukikimbia kuikabili kusi, kivuli cha aliye mita mbili nyuma yako kinakutangulia ardhini. Kikisogea upande wa kulia, anatoka. Yaani upande uleule ambao upepo unakutesa, jua linakuonyesha nani anakupanda mgongoni.

Mita 800

Hapa anayeongoza ana nafuu zaidi, kwa kuwa muda wa kumfikia ni mfupi na kuzunguka nje kunauma. David Rudisha, London mwaka 2012, aliongoza kuanzia mwanzo: mita 400 za kwanza kwa 49.28, mwisho 1:40.91, rekodi ya dunia. Mzunguko wa pili ulikuwa wa polepole kwa zaidi ya sekunde mbili, na ndivyo 800 nzuri inavyokwenda. Mtu wa 2:04 apite mita 200 kwa 29.5, mita 400 kwa 61, mita 600 kwa 1:32.5. Akipita 400 kwa 57, kwenye mita 600 miguu inakuwa ya mti.

Kona ya kwanza kila mtu hukaa kwenye njia yake. Mkishavuka mstari wa kuachia njia, usikate kuingia ndani ghafla. Lenga mwisho wa upande wa nyuma na uingie kwa mshazari. Ukikata kwa pembe kali unaongeza umbali na kukanyagana na wenzako.

Na usiogope anayekuja kwa kishindo mwishoni. Dave Wottle, Munich mwaka 1972, alitoka mkiani akashinda kwa tofauti ya sekunde 0.03, na watu wakasema alipaa. Alikuwa anakimbia kila mita 200 kwa kama sekunde 26, mwanzo hadi mwisho. Waliokuwa mbele ndio waliokuwa wanarudi nyuma.

Mazoezi

Mara mbili kwa wiki yanatosha, la mwisho liwe siku tano kabla ya mbio. Kwa mtu wa 4:15:

- Mita 400 mara 6, nusu ya kwanza kwa sekunde 36 na ya pili kwa 32, ukipumzika dakika 2. Hili linafundisha kubadili gia.
- Mita 600 mara 3, ukipita 400 kwa 70 na kumaliza 200 kwa 31, ukipumzika dakika 5.
- Wakati wa bamvua, maji yakishapwa na mchanga mgumu umebaki, nendeni ufukweni wawili wawili, Shangani au Mikindani. Mita 200 mara 8 kuukabili upepo, mkibadilishana kuongoza. Anayefuata akae mita moja nyuma, begani kidogo, asije akakanyaga visigino. Mkimaliza, kila mmoja atajua kwa mwili wake tofauti ya mbele na nyuma, na mwalimu hatahitaji kuhubiri.

Mchujo

Uliza kabla: wanafuzu kwa nafasi au kwa muda? Kama watatu wa kwanza wa kila kundi wanaingia fainali, usivute hata mita moja. Kaa wa pili au wa tatu, nje kidogo ya anayeongoza ili usifungiwe ndani, na ukiwa na mita 50 hesabu vichwa. Kama wa nne yuko mbali, legeza mabega na uvuke mstari kama ulivyo. Kundi lako likiwa la kwanza na muda ndio unaohesabiwa, hapo huna namna, itabidi mtu avute. Zungumza na wawili wengine mgawane mizunguko. Aliyekuwa mbele asogee nje akimaliza zamu yake, upande ulionyooka, asije akafanya hivyo kwenye kona.