Somo: Njia tulivu za baiskeli, kutoka Tanga mjini hadi vilima vya Muheza

Mji wetu ni tambarare na watu wake wanajua baiskeli tangu utotoni, ila wengi tukishafika Kange tunageuza. Barabara ya Segera ina mabasi na malori, ya Horohoro ina magari ya mpakani, basi mtu anahitimisha kwamba nje ya mji hakuna pa kupigia pedali. Papo tele. Barabara tulivu ni ile ambayo gari kubwa halina haja nayo, na mkoa huu umejaa barabara za namna hiyo. Kazi ni kuzijua, na kuziendea kwa saa yake.

Hatua ya 1: Tazama upepo kabla ya ramani

Wavuvi wa Sahare hawahitaji somo hili. Sisi wa magurudumu tunalisahau. Kuanzia Aprili au Mei hadi kama Septemba ni kusi, upepo utokao kusini; Desemba hadi Machi ni kaskazi, utokao kaskazini. Kanuni ni moja: anza safari ukiukabili upepo, rudi ukiwa nao mgongoni. Kipindi cha kusi elekea Tongoni, kwenye magofu ya kale. Kipindi cha kaskazi elekea Mabokweni, kisha uache lami ya Horohoro na kushika njia ya Maramba. Ukifanya kinyume, utakwenda kwa raha ukijisifu kwamba una mapafu, halafu saa sita mchana jua la utosi na upepo wa uso vikufundishe adabu.

Ondoka mara baada ya swala ya alfajiri. Saa moja asubuhi uwe umeshauacha mji, saa nne uwe kivulini.

Hatua ya 2: Fanya mazoezi kwa njia ya Tongoni

Ni kama kilomita 20 kwenda kusini kwa barabara ya Pangani. Lami imewekwa kipande kwa kipande kuelekea Pangani, na lami ikifika mwendo wa magari hupanda, kwa hiyo hii niipe sifa ya utulivu asubuhi tu. Miinuko yake ni midogo: unapanda, unashuka, unaona minazi, unapanda tena. Magofu yenyewe yana msikiti wa kale na makaburi ya nguzo, na bahari iko hapohapo. Ukifika bila kuhema, uko tayari kwa Muheza. Ukihema, rudia wiki ijayo.

Hatua ya 3: Jifunze barabara za mkonge

Hapa ndipo penye utamu. Mkonge uliletwa 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Inasimuliwa kwamba kati ya miche elfu moja aliyoagiza kutoka Florida ni 62 tu iliyobaki hai, ikapandwa Kikogwe, upande wa Pangani. Kutokana na hiyo nchi nzima kuanzia pwani hadi Muheza ikachorwa mistari: kitalu, barabara, kitalu, barabara. Ziliwekwa ili majani yaliyokatwa yafike kiwandani, hivyo nyingi hazina mwinuko wa kuua mtu. Siku hizi nyingine hupitiwa na trekta mara mojamoja, na wapita njia.

Mambo matatu uyashike. Kwanza, shamba lina mwenyewe. Simama getini, shuka kwenye baiskeli, amkia, eleza unakotokea na unakokwenda. Mlinzi akikataa, umekataliwa, usizunguke nyuma. Pili, vitalu vinafanana mno. Jua likiwa utosini hujui mashariki wala magharibi, kwa hiyo kila njia panda geuka nyuma uone itakavyoonekana wakati wa kurudi. Tatu, ncha ya jani la mkonge ni sindano. Palipokatwa juzi, tembea katikati ya njia, na usilaze baiskeli pembeni.

Kuhusu kuuliza njia: ukiuliza "ni mbali?" utajibiwa "hapo tu mbele", na hapo mbele panaweza kukuchukua saa nzima. Uliza hivi: "Njia hii fuso hupita?" Ukiambiwa zinapita usiku na mchana, tafuta nyingine. Ukiambiwa "labda bodaboda", ndiyo hiyo.

Hatua ya 4: Muheza hadi Sigi

Usiende Muheza kwa baiskeli kupitia barabara kuu. Ni kama kilomita 35 za kupigiwa honi. Pandisha baiskeli juu ya gari, patana na konda kabla haijapanda, na uifunge mwenyewe kwa mpira. Usimwachie utingo aibane chini ya gunia.

Kutoka Muheza unashika njia ya Amani, hifadhi ya msitu iliyo juu milimani. Hadi geti la Sigi ni kilomita 25 hivi, na ndizo kilomita nzuri kuliko zote ninazozijua mkoani. Michungwa na minazi kushoto na kulia, nyumba za udongo mwekundu, vijito, halafu safu ya Usambara Mashariki inainuka mbele yako. Ardhi hapa ni ya mabonde na vilima, huwezi kupiga pedali kwa mkupuo mmoja. Kila mteremko unakukopesha mwendo wa kupandia kilima kinachofuata, mradi usishike breki bila sababu. Wakati wa Wajerumani kulikuwa na reli ndogo kutoka Tengeni ikipanda hadi Sigi kuchukua magogo. Nyumba ya mkuu wa stesheni bado ipo pale Sigi.

Pumzika getini. Kupanda hadi Amani kwenyewe ni chini ya kilomita kumi, ila unatoka kama mita 450 juu ya usawa wa bahari kwenda karibu mita 900, kwa kona za kukunjana ndani ya msitu. Hii ni hifadhi tangu 1997, kuna ada ya kuingia, kwa hiyo beba akiba ya fedha hata kama nia yako ni kuishia Sigi. Milima hii hupata mvua hata miezi ambayo Tanga mjini ni vumbi tupu. Udongo wake ukilowa hunata, unajaa kwenye madigadi hadi gurudumu linagoma. Masika, Machi hadi Mei, niache mimi nyumbani na kahawa.

Hatua ya 5: Kushuka

Wengi huogopa kupanda. Wanaoumia huumia wakishuka. Breki za vyuma za baiskeli ya Phoenix hushika rimu, na rimu ikilowa zinateleza tu. Kagua raba za breki kabla hujaondoka. Usizibane mfululizo: bana, achia, bana, achia. Rimu ikipata moto, kiraka cha tyubu kinaweza kubanduka. Kwenye kona usizoziona mwisho shuka utembee.

Vifaa ni vichache: pampu, tyubu ya akiba, viraka na solosheni, spana, maji lita mbili. Chakula utakikuta njiani.

Maswali ya wanachama wa kikundi chetu cha baiskeli

*Wa Chumbageni:* Mkuu, mimi nina Phoenix, haina gia. Amani nitafika?

Sigi utafika. Kutoka Sigi kwenda juu utasukuma sehemu kubwa, na hakuna aibu, wenyeji husukuma pia wakiwa na mikungu ya ndizi kwenye keria. Fundi anaweza kukuwekea gia ya nyuma yenye meno mengi zaidi. Utapanda kwa wepesi, ila kwenye tambarare ya mjini utapiga pedali nyingi kwa mwendo mdogo. Amua unapanda mlima mara ngapi kwa mwaka.

*Bi Sahare:* Sisi wa baibui je? Na usalama?

Dada, Tanga wanawake wanaendesha toka enzi za bibi zetu. Fremu ya kike, kinga ya cheni iliyofunika juu, na wavu au kitambaa kizito pembeni ya gurudumu la nyuma ili upindo usivutwe na spoki. Kwenye mkonge msiende chini ya watatu. Hilo nawaambia na wanaume.

*Baba wawili:* Nina mtoto wa miaka kumi. Nilifikiria mapango ya Amboni, ni kilomita nane tu.

Ni karibu, kweli, lakini sehemu kubwa ni barabara ya Horohoro. Mpeleke kwa gari. Kwa baiskeli mzungushe Raskazone Jumapili asubuhi, pana miti, pana bahari, na magari ni machache.

*Ngamiani Barabara ya 12:* Ramadhani mnafanyaje?

Mwendo wa nusu saa tu, baada ya alasiri, tambarare, kivulini, bila vilima. Uwe nyumbani mapema, maana dakika za mwisho kabla ya futari kila mwenye bodaboda anaikimbilia adhana na hakuna anayekuona. Muheza isubiri Shawwal.

*Wa Pongwe:* Tulifukuzwa kwenye shamba moja la mkonge japo tuliamkia vizuri. Tufanyeje?

Mlikuwa wangapi? Kundi la watu kumi na tano wenye helmeti linamtia mlinzi hofu ya kazi yake. Atangulie mmoja siku moja kabla, aonane na msimamizi ofisini, apate jina la mtu wa kutajwa getini. Wakiendelea kukataa, kata shauri la njia ya Maramba. Ile ni barabara ya serikali, hamuombi ruhusa kwa mtu.