Kabla hujawasha skana, shika lenzi ya kukuzia

Mwalimu mmoja wa darasa la pili aliniomba nimtolee picha kwenye vitabu viwili vya zamani alivyorithi, azibandike ukutani watoto wazione wakati wa hadithi. Kimoja ni ngano za Mfaransa Charles Perrault zenye michoro ya Gustave Doré, kingine ni za ndugu Grimm zenye picha za rangi za Arthur Rackham. Ilituchukua siku mbili. Laiti ningeambiwa haya mapema.

1. Safisha
Pangusa kioo cha skana na uondoe vumbi kwenye kurasa kwa brashi laini. Usitumie simu. Karatasi ya kitabu cha zamani imepinda, na mwanga wa chumba hauangukii sawasawa.

2. Tambua picha ilivyochapwa
Hapa ndipo nilipopotea. Doré alichora juu ya vibao vya mbao, mafundi wakavichonga. Tazama kwa lenzi ile picha ya mwaka 1862 ya hadithi ya Kofia Nyekundu, binti yuko kitandani na mbwa mwitu aliyevaa kofia ya bibi. Kijivu chote unachokiona ni mistari myeusi, myembamba kama unywele, hapa imesongamana, pale imeachana.

Rackham alichora kwa wino akapaka rangi ya maji. Mchapaji aliipiga picha kupitia wavu, kila rangi na bamba lake. Kwa lenzi utaona vitone vya njano, vyekundu na vya buluu.

Skana nyingi zina chaguo la kuondoa vitone. Nililiwasha kwa ajili ya Rackham, nikasahau kulizima. Picha 12 za Doré zikatoka na ukungu, manyoya ya mbwa mwitu yamegeuka doa la kijivu. Tukarudia zote. Siku hizi silitumii kabisa.

Halafu usiamini jina la mchoraji peke yake. Doré aliyechapwa upya miaka ya karibuni huenda naye ana vitone. Amini nakala iliyo mkononi mwako.

Kwenye mistari mitupu, skani kwa kijivu, nukta 600 kwa inchi au zaidi, usiguse kitu kingine. Kwenye vitone, piga hesabu. Wavu ukiwa na vitone 150 kwa inchi nawe ukaskani kwa 300, kila kitone kinapata piseli 2 tu, na mawimbi ambayo hayamo kwenye picha yenyewe yanajitokeza angani na mashavuni. Kwa 600 kinapata piseli 4. Fungua GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, weka Gaussian Blur (kichujio cha kulainisha picha) ya piseli 2, tazama kwa ukubwa wa asilimia 100. Vitone bado vipo? Ongeza nusu piseli. Mistari ya wino ikianza kulegea, rudi nyuma. Kisha ndipo upunguze picha iwe nusu. Ukitanguliza kupunguza, mawimbi yatabaki humo humo. Yakikataa kabisa, zungusha kitabu kidogo kwenye kioo, skani tena, uinyooshe baadaye.

Picha za rangi za vitabu vya wakati ule mara nyingi zimebandikwa kwa gundi ukingo wa juu tu. Usizivute, wala usikandamize kifuniko.

3. Karatasi nyeusi nyuma ya ukurasa
Manila nyeusi inatosha. Huzuia maandishi ya upande wa pili yasijitokeze.

4. Rangi
Usiifanye karatasi iwe nyeupe pe. Mashina na ngozi za Rackham zina hudhurungi inayotegemea ule umanjano wa karatasi; ukiuondoa, msitu wake unapoa, watu wake wanakuwa kama wagonjwa. Kwa Doré, sogeza Levels (kirekebishi cha weusi na weupe ndani ya GIMP) kidogo hadi wino uwe mweusi, basi.

5. Haki
Doré alifariki 1883, Rackham 1939. Tanzania na Kenya hakimiliki hudumu miaka 50 baada ya kifo cha mchoraji, Uingereza 70. Kay Nielsen, mchoraji mwingine wa vitabu vya ngano, alifariki 1957, kwa hiyo Uingereza analindwa hadi mwisho wa 2027.

6. Hifadhi
Faili la TIFF (lisilopunguza ubora wa picha) la kuweka, la JPEG (jepesi zaidi) la kupeleka kwa mchapaji. Kwa A4, nukta 300 kwa inchi zinatosha.