SOMO: Kupanga kurasa za kitabu cha Kiswahili bila mashimo kwenye mistari

"Mbona mistari yangu ina mashimo?" Yaani nafasi pana nyeupe kati ya maneno. Nimelijibu swali hili mpaka basi. Naweka jibu lote hapa. Atakayeuliza tena ataelekezwa huku. Vipimo ni vya A5, programu ni InDesign.

1. Safisha matini kwanza: nafasi mbilimbili, tabo na mistari mitupu vitoke.

2. Pambizo: ndani milimita 18, juu 16, nje 14, chini 20. Kitabu kinene cha kugandishwa kwa gundi, ndani iwe 22, la sivyo mgongo utameza maneno.

3. Fonti: EB Garamond, Gentium au Charis. Zote ni za bure na zina mlazo (italiki) halisi. Mlazo wa kulazimisha utaujua kwa herufi a: imeinama tu, umbo ni lilelile.

4. Ukubwa pointi 10.5, mstari hadi mstari 14. Herufi ndogo za EB Garamond ni fupi, ipe 11. Utapata mistari 35 kwa ukurasa na herufi kati ya 60 na 70 kwa mstari.

5. Aya ianze ndani kwa pointi 10 hivi, isipokuwa ya kwanza chini ya kichwa. Ukiingiza ndani, usiache tena nafasi kati ya aya. Chagua moja.

6. Kukata maneno. Kazi nyingi huharibikia hapa, na mimi sikupona. Kiswahili kina maneno marefu: "watakapowasili" ni neno moja, lugha nyingine ingetumia manne au matano. Maneno marefu maana yake nafasi chache kwenye mstari, na ukinyoosha pande zote mbili, nafasi hizo chache ndizo zinazobeba mzigo wote. Zinatanuka, zinapangana juu kwa chini, ukurasa unapata mifereji myeupe. Dawa ni kuruhusu maneno yakatwe, lakini kwa silabi za Kiswahili. Ukiacha lugha ya aya kwenye Kiingereza, programu itakata kwa kanuni za Kiingereza na utajikuta na "kit-abu" au "nyum-ba". Silabi zetu nyingi huishia kwenye irabu, kwa hiyo kata baada ya irabu: ki-tabu, nyu-mbani, mta-ndao. Yaliyotoka Kiarabu yana silabi funge: daf-tari, mak-taba, Al-hamisi.
Angalieni: usiache m peke yake (m-kutano). Usibakize herufi mbili tu mstari wa chini. Vistari visifuatane zaidi ya mistari miwili. Nafasi kati ya maneno, kwa asilimia: chini 80, kawaida 100, juu 120, programu inakuja na juu 133, na hiyo ni nyingi mno. Nafasi kati ya herufi ibaki sifuri. Wanaotanua herufi ili mstari ujae wanahamisha shimo tu.

7. Ng’ iandikwe kwa alama iliyopinda kama tisa (’), si kama sita, si ile ya kushoto kabisa juu ya kibodi. Windows: Alt+0146. Kuza asilimia 400 utazame kama sikio la g (kile kijimkia cha juu kulia) linagonga alama.

8. Chapa kurasa mbili kwa asilimia 100. Kioo cha kompyuta kinadanganya.

MASWALI

Nukta_Mkato: Mkuu, yangu bado ina mashimo.
— Lugha ya aya umeweka ipi?
Nukta_Mkato: Kiingereza, ndiyo iliyokuja nayo.
— Hatua ya 6. Soma, usipitishe macho.

Kalamu7: Times New Roman ina kosa gani? Kila mtu anaitumia.
— Sikusema ina kosa. Ilichorwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London, likaanza kuitumia 1932. Ni fonti ya safu nyembamba, inabana nafasi. Kwenye mstari mrefu wa kitabu inachosha. Kama huna budi, ongeza nafasi ya mistari.

BintiWino: Asante kwa somo. Kitabu changu kina kurasa 240, nitaweka vikato kwa mkono vyote?
— Hapana dada, swali zuri hili. Kikato fiche, yaani alama ya kuonyesha neno likatwe wapi, ni Ctrl+Shift+kistari. Hakionekani mpaka neno likatike, na neno lenye kikato fiche halikatiki pengine popote. Kwa kitabu kizima tumia utafutaji wa GREP, unaotafuta mpangilio wa herufi badala ya neno mojamoja. Tafuta:
(\w[aeiou])(?=([bdfghjklmnprstvwyz]|mb|nd|ng|nj|nz|ny|ch|sh|th|dh|gh)w?[aeiou]\w)
Badilisha na:
$1~-
"Daftari" na "maktaba" itayaruka kwa sababu ft na kt hazimo, hayo ukate mwenyewe. Fanya kwenye nakala, baada ya uhariri kuisha.

BintiWino: Na majina ya watu?
— Weka kikato fiche mwanzoni mwa jina, halitakatwa. Ila vile vya GREP vilivyomo ndani uvifute kwanza.

Mzee_Risasi: Niongeze: safu ikiwa chini ya herufi 40, msinyooshe kulia kabisa. Acheni ukingo ulegee. Na "uk. 45" au "Juz. 3" wekeni nafasi isiyovunjika, Ctrl+Alt+X, namba isianze mstari peke yake.
— Kweli mzee. Na miaka, 1932–1945, ni kistari kirefu kisicho na nafasi pembeni.

Kalamu7: Kwa hiyo Times niache au?
— Chapa kurasa mbili, moja Times, moja Gentium, uziweke pamoja mezani.